Shida Kidogo

Mayai yalianza kupoa Jumanne asubuhi, huko Waithaka, ndani ya chumba alichokuwa akilala marehemu Maina siku za ugonjwa wake. Hayakuwa mayai ya mtu mmoja. Yalikuwa ya akina mama wote wa kikundi cha kanisa. Kila mmoja alileta ya kuku wake wa kienyeji, ameyaviringisha kwa gazeti yasigongane, na juu ya kila yai pameandikwa kwa penseli herufi ya mwenyewe. Aliyekabidhiwa kuyatunza alikuwa Nyakio, mjane wa Maina. Ndiye aliyewashawishi wenzake wachange, wanunue mashine ya kuangulia vifaranga, waache kungoja kuku aatamie anapotaka yeye. Wengine walikubali shingo upande, wakisema mashine si kuku, haina uchungu wa mama. Sasa hii ilikuwa mara ya kwanza, na vifaranga walikuwa wameshaanza kujijenga mle ndani. Ukimulika yai kwa tochi uliona mishipa myembamba kama mizizi ya mchicha, na katikati kitu cheusi kinachotikisika.

Mwaka ule stima ilikuwa ya zamu kwa sababu ya ukame. Jumanne hiyo ilipotea, halafu ikarudi kwa kishindo, balbu ya jikoni ikapasuka. Taa ya kijani ya mashine iliwaka kama kawaida, lakini Nyakio alipotia mkono ndani hakukuta joto. Akangoja. Akatia mkono tena. Ndipo akafunika mashine kwa blanketi, akavaa sweta, akaenda madukani kwenye chumba cha kompyuta, akaandika barua pepe kwa kidole kimoja, kama kibandiko kilichobandikwa ubavuni mwa mashine kilivyoagiza: *Ukipata shida yoyote, tuandikie.*

Barua ilifika River Road, katikati ya Nairobi, kabla mwandishi wake hajafika kwenye lango la nyumba yake. Kufika ilifika. Lakini ilipofika haikusomwa na mtu.

Duka la Chunilal na Wanawe lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya wapiga chapa wa kadi za harusi. Mashine za chini zikianza kufanya kazi, sakafu ilitetemeka na vijiko viligonga vikombe vyenyewe. Hapo waliuza jenereta, pampu za maji na mashine za kuangulia, na kila walichouza waliahidi kukitengeneza kikiharibika. Ahadi hiyo ilikuwa imemwangukia Nthenya. Hapo awali yeye ndiye aliyeketi kwenye dawati la wateja, karibu na dirisha, akisoma barua pepe za watu wenye shida na kuziandika upya kwenye kompyuta, kila neno kwenye kisanduku chake: jina hapa, namba ya simu pale, mahali, aina ya mashine, na mwisho kabisa uzito wa shida. Barua moja ikawa tiketi moja. Mafundi wakiangalia tiketi walijua waanzie wapi.

Kazi yenyewe si ngumu, ila watu hawaandiki shida zao zikiwa zimenyooka. Mmoja anaanza na baridi ya Limuru, anapitia harusi ya kaka yake, halafu pampu inajitokeza kule chini kabisa kama mgeni aliyechelewa sherehe. Na tangu stima ianze kwenda na kurudi, barua zilimiminika. Nthenya alikuwa akifika kwake Kangemi, nyuma tu ya Mountain View, na kumkuta binti yake Debra ameshalala, ugali umemkaukia kidevuni. Mama mkwe alikuwa anasogeza tu taa ili Nthenya amwone mtoto vizuri.

Aliyemwonea huruma alikuwa Rohan, mwana wa mwenye duka, kijana aliyekuwa ametoka tu kusomea kompyuta. Alimwona akisugua kifundo cha mkono, akavuta kiti.

"Nthenya, hii kitu kompyuta inaweza kufanya yenyewe."

"Ifanye aje? Ina macho?"

"Haihitaji macho. Barua ikiingia tu, programu inaichambua kama mchele. Namba ya simu inajulikana, ni tarakimu. Mahali pia, tunaipa majina yote, Waithaka, Uthiru, Kikuyu mpaka Limuru. Inatoa kila kitu inaweka kwa kisanduku chake, na inamjibu mteja hapo hapo."

"Na mimi niende nyumbani?"

"Uende nyumbani saa kumi na moja," Rohan akacheka. "Mchana upange mafundi, upigie watu simu. Kazi ya mtu."

Mama yake, Vimla, aliyekuwa akihesabu vipuri kwenye rafu, hakugeuza hata kichwa. "Hakuna mtu anafukuzwa hapa," alisema. "Nthenya akitoka, nani atajua sukari inawekwa wapi?"

Basi Jumamosi moja wakakaa, Nthenya na Rohan, chai na mkate wa siagi katikati yao. Rohan alitaka maneno. Programu ilikuwa haiwezi kupima uzito wa shida mpaka ifundishwe maneno ya watu, na nani aliyejua maneno ya watu kuliko aliyeyasoma kila siku? Nthenya alifurahi kuulizwa. Alikunja mikono ya blauzi kama mtu anayekwenda kukanda unga.

"Moshi," alisema.

"Moshi, nyekundu. Fundi aende leo."

"Imelipuka. Inanuka. Inapiga watu shoti. Haraka."

"Zote nyekundu. Sasa nipe za manjano, zile za kesho."

"Inanguruma. Inavuja. Imepunguza nguvu."

"Na za kijani? Zile zinaweza kungoja Ijumaa?"

"Ningependa kujua. Bei. Nilikuwa nauliza tu. Mkipata nafasi." Nthenya akachovya mkate kwenye chai. "Na kidogo. Mtu akisema ana shida kidogo."

"Kidogo ni kidogo, si ndiyo?"

"Ndiyo, kidogo ni kidogo."

Rohan akaandika. Akalipangia neno hilo, pamoja na lile la *mkipata nafasi*, lipunguze uzito wa tiketi kila linapotokea. Wakamaliza mkate. Hakuna aliyemdanganya mwenzake pale mezani, na hakuna aliyekuwa mvivu. Ilikuwa Jumamosi ya furaha.

Na programu ilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Barua zilikuwa zinaingia na kujipanga zenyewe kwenye skrini, nyekundu juu, manjano katikati, kijani chini. Majina yalikuwa sawa. Simu zilikuwa sawa. Mwanzoni Nthenya alikuwa anafungua kila barua kuhakikisha, na kila mara alikuta programu imenyofoa vizuri kuliko yeye, maana yeye siku nyingine alikuwa anageuza tarakimu. Baadaye akaacha kufungua. Akaanza kufika Kangemi jua likiwa bado limekaa juu ya mabati. Debra alikuwa anamkimbilia na mikono imejaa matope, na Nthenya alikuwa anamwosha yeye mwenyewe, vidole, masikio, nyuma ya shingo, bila kuharakisha, kama mtu anayeosha kikombe cha kaure.

Wiki ile ya Jumanne ya mayai, Nthenya alikuwa na jambo lake: jino. Lilianza kama mdudu anayekwaruza, upande wa kushoto nyuma. Jumatano lilikuwa linapiga pamoja na mashine za wapiga chapa. Alikunywa chai kwa upande mmoja, akafunga leso kichwani ikapita chini ya kidevu, akaendelea kupanga mafundi.

"Mama Debra," Kisilu, fundi mkubwa, akamwambia asubuhi ya Alhamisi, "kwa hilo shavu umeficha andazi? Si utugawie."

"Kwenda huko, Kisilu. Nenda Kikuyu ukaone jenereta ya watu, iko nyekundu."

"Nishatoka Kikuyu. Sasa hivi sina kazi, ndiyo maana nachunguza mashavu."

Nthenya hakucheka, kwa sababu kucheka kulikuwa kunauma. Aliinuka, akaenda kwa Vimla, aliyekuwa ofisini nyuma ya pazia la shanga, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Nthenya akasimama pale mlangoni kwa adabu, mikono mbele.

"Madam, samahani kukusumbua. Naona una kazi nyingi. Nilikuwa nauliza tu, kama itawezekana, nitoke mapema. Jino linanisumbua kidogo."

Vimla alivua miwani.

"Kidogo?"

"Kidogo tu."

"Nthenya, njoo hapa kwa mwangaza." Akamtazama shavu bila kuligusa. "Mimi nimezaliwa Ngara. Umri wangu wote katika mji huu sijasikia mtu akisema ana shida kubwa. Baba yake Rohan, siku moyo ulikataa, alisema nini? 'Kifua kinabana kidogo.' Amekaa hapo kwa hicho kiti, jasho inatiririka, ananiambia kidogo! Tulimbeba na kiti yake mpaka hospitali. Mtu wa hapa akisema ako na shida sana, mimi sishtuki, huyo anataka bei ipunguzwe. Akisema kidogo, ndiyo natafuta funguo ya gari." Akafungua droo, akatoa karafuu kwenye kikopo. "Uma hii na hilo jino. Polepole. Sasa nenda kwa daktari, usirudi hapa leo."

Nthenya alishukuru. Akaiweka karafuu mahali pake, ulimi ukafa ganzi. Akachukua mkoba, akafika mpaka kwenye ngazi, mguu mmoja umeshashuka kidato cha kwanza.

Hapo akasimama.

Kisilu, aliyekuwa anashuka nyuma yake, nusura amgonge. "Mama Debra, vipi? Umesahau kitu?"

Nthenya akashika reli ya ngazi. Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe, siku ya mkate wa siagi. *Kidogo ni kidogo.* Nani alikuwa amesema vile? Yeye. Yeye ambaye mama yake, akiwa amevunjika nyonga, aliwapigia simu kutoka Machakos kuwaambia ameanguka kidogo. Akageuka, akarudi dawatini mbio, leso ikamteleza mpaka shingoni.

"Rohan! Zile za kijani. Fungua zote."

"Za kijani ni za kesho, Nthenya. Na wewe si mgonjwa?"

"Zifungue, mwanangu."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Rohan akasogea, akafungua. Ya kwanza ilikuwa mtu anayeuliza bei. Ya pili, mtu wa Uthiru ambaye pampu yake ilikuwa "imekataa kidogo" tangu Jumapili. Nthenya akafumba macho, akayafumbua, akasema, "Hiyo andika pembeni. Endelea." Wakashuka, wakashuka. Chini kabisa, chini ya wauliza bei wote, palikuwa na tiketi ya Nyakio wa Maina. Visanduku vyake vyote vilikuwa vimejazwa vizuri. Jina, Nyakio. Mahali, Waithaka. Simu, iko. Mashine, ya kuangulia. Uzito, kijani iliyofifia kabisa.

Nthenya akabonyeza ili aione barua yenyewe, jinsi ilivyoandikwa. Zilikuwa tatu.

*Hamjambo wote hapo ofisini. Natumaini mmeamka vyema. Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu, mvua tu ndiyo hatujaiona. Nimeandika kwa sababu ile mashine yenu ina shida kidogo. Stima iliporudi taa iliwaka lakini joto haliji. Mayai ya akina mama yamo ndani. Mkipata nafasi mtupitie. Nawashukuru kwa kazi yenu nzuri. Ni mimi Nyakio wa Maina.*

Ya pili ilikuwa ya Jumatano asubuhi.

*Hamjambo tena. Nilipata jibu lenu kwamba mmepokea, nikafurahi sana. Samahani kuwakumbusha, najua mna kazi nyingi na watu ni wengi. Ile shida kidogo bado iko. Tunasaidiana na jiko na chupa za maji moto. Mkipata nafasi.*

Na ya tatu, ya Jumatano hiyo hiyo jioni.

*Nisameheni, nimekuwa msumbufu. Nilikuwa nauliza tu kama kuna mtu anaweza kuja. Tumechoka kidogo. Mungu awabariki nyote na familia zenu.*

Rohan alisoma mpaka mwisho, kidole kikiwa kwenye skrini. Aliona alichokifanya. Kila barua ilikuwa na kidogo yake, na *mkipata nafasi* yake, na programu ilijua kuunganisha barua za mtu mmoja kwenye tiketi moja. Kadiri yule mama alivyozidi kuomba, ndivyo tiketi yake ilivyozidi kushuka.

"Imetoa kila kitu sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Kila kitu."

"Mimi ndiye niliyeipa hilo neno," Nthenya alisema. "Nipe simu."

Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, sauti ilikuwa ya mtu aliyekuwa amesahau kwamba simu huongea.

"Haloo?"

"Mama Nyakio? Hujambo, mama. Naitwa Nthenya, wa duka la Chunilal, River Road."

"Ee, sijambo, mwanangu. Hamjambo huko? Kazi inaendeleaje? Watoto ni wazima?"

"Ni wazima, mama. Mama, mayai..."

"Aa, msijali sana. Najua mko na kazi. Sisi tuko tu, tunajikaza kidogo..."

"Mama." Nthenya alishika meza. Jino lilikuwa limeamka tena nyuma ya karafuu. "Leo adabu tuiweke kando. Niambie kama unavyomwambia binti yako. Hayo mayai yako vipi?"

Upande wa pili Nthenya akasikia mtu akiburuta jiko sakafuni. Halafu Nyakio akaanza kulia, si kwa sauti, kama mtu anayepumua vibaya.

"Sijalala," alisema. "Sijalala tangu Jumanne. Nikifumba macho yanapoa. Mengine nimeyaweka kifuani. Mwanangu, ni mayai ya watu. Nitawaambia nini?"

Kisilu hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshachukua sanduku la vifaa na themostati mpya, kile kidude cha kudhibiti joto, maana alijua bila kuona ni kitu gani kilichoungua. Vimla alitoka nyuma ya pazia la shanga, akamwona Nthenya akifunga leso upya.

"Si nilisema daktari?"

"Nitaenda, Madam. Nipitie kwanza Waithaka."

Vimla akamtazama, kisha akamtazama mwanawe, ambaye masikio yake yalikuwa mekundu. Akarudi ofisini, akaja na kikopo chote cha karafuu, akakitia kwenye mkoba wa Nthenya.

Kisilu aliendesha gari la duka kwa kasi, kwa mara moja maishani mwake bila mzaha. Walipopita Kawangware simu ya Nthenya ikalia. Alikuwa Rohan.

"Nimebadilisha. Nimefanya kidogo iwe nyekundu."

"Halafu?"

"Halafu orodha yote imekuwa nyekundu, Nthenya. Yote. Hata yule wa bei, ameandika 'punguza kidogo'. Sasa nifanye nini?"

"Zisome," Nthenya akamwambia. "Moja moja. Hiyo programu iache ikushikie majina na simu, hizo inajua. Moyo wa barua usome wewe. Ukishindwa, msomee mama yako kwa sauti."

"Nishaanza kumsomea," Rohan alisema. "Ananipigia kelele. Anasema huyo wa Uthiru amekaa bila maji siku nne."

Nyumba ya Nyakio ilikuwa ya mawe, na ua wa michongoma mbele. Hakuja kuwapokea langoni. Walimkuta katika kile chumba, dirisha limezibwa kwa blanketi, joto limejaa kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Majiko mawili yalikuwa kwenye kona mbili, mlango umeachwa wazi kidole kimoja ili moshi upate njia. Mayai yalikuwa kwenye makarai yaliyotandikwa khanga, na katikati ya mayai chupa za maji moto zimevishwa soksi za marehemu Maina. Nyakio alikuwa kwenye kigoda, shali mabegani, mkono ukipapasa karai moja baada ya jingine na kurudi tena mwanzo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mashavu yaliyokwisha nyama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Karibuni," alisema, akitaka kuinuka. "Nisameheni, sijaweka hata chai..."

"Keti, mama," Kisilu akasema. "Chai tutainywa na vifaranga."

Alifungua mgongo wa mashine. Akatoa themostati ya zamani, nyeusi kama kaa, akaiweka kando. Nthenya alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya kigoda. Angeweza kusubiri, lakini alijua akisubiri atapata maneno mazuri ya kujifunika nayo.

"Mama, barua zako zilifika zote tatu. Kompyuta inazipanga. Sisi tuliifundisha kwamba mtu akisema kidogo, anaweza kungoja. Mimi ndiye niliyeifundisha."

Nyakio alimtazama. Mkono wake haukuacha kupapasa mayai.

"Kumbe ningeandika kwa ubaya, mngekuja Jumanne?"

"Tungekuja Jumanne, mama."

"Ningesema nini? Niwaite wezi?"

"Hata ungesema tu *haraka*."

Nyakio alifikiri jambo hilo kama mtu anayeonjeshwa chakula cha kabila jingine. "Huyo mtu simjui mimi," alisema, "unaanzaje kumwambia haraka? Hata hajanipa mkono." Halafu akaguna, na ule mguno ulikuwa na kicheko ndani yake. "Na wewe, shavu hilo?"

"Jino. Linanisumbua..." Nthenya akajishika. "Linaniua, mama. Linaniua kabisa."

"Ee, hivyo," Nyakio akasema. "Naona umejifunza."

Mashine iliwaka. Wote watatu waliutazama mshale wa joto ukipanda polepole, ukasimama pale unapotakiwa, ukabaki hapo. Kisilu akaweka mkono ndani, akatikisa kichwa kuitikia. Sasa ilikuwa zamu ya mayai.

Walizima jiko moja, wakafunga mlango mpaka chumba kikawa giza. Kisilu alitoboa tundu kwenye kadibodi, akaweka tochi nyuma yake, na Nyakio akaanza kumulika. Alilishika kila yai kwa vidole vitatu, akaliweka kwenye tundu, yai likawa jekundu lote kama mkono unaozuia jua. Mengine yalikuwa yametulia. Ndani kulikuwa na duara la damu na weusi usiosogea. Hayo alimpa Nthenya, na Nthenya akayapanga kwenye ndoo, taratibu, kama bado yanaweza kuvunjika vibaya. Hakukuwa na njia ya kufanya hesabu ile iwe nzuri. Herufi ilikuwa juu ya kila yai, na Nyakio alisoma kila herufi kabla ya kuliachia.

Lakini mengine yalitikisika. La kwanza lilipotikisika, Nyakio alishusha pumzi kwa nguvu hata mwanga ukayumba. Mishipa ilikuwepo, myembamba, mizima, na kile kitu cheusi kikaruka, kikatulia, kikaruka tena. "Huyu yuko," alisema. Akalipeleka mwenyewe kwenye mashine. Kisha, "Huyu yuko," tena, na tena, mpaka trei ya chini ikajaa, na ile ya juu ikaanza. Yale aliyokuwa ameyaweka kifuani, aliyamulika moja moja, na karibu yote yalikuwa hai.

"Mama," Kisilu akasema, "usimwambie Madam, lakini mashine yetu imeshindwa na wewe."

"Usinicheke, fundi. Mimi nimechoka kama punda."

Lilipobaki karai la mwisho, alimpa Nthenya tochi. "Endelea wewe, macho yangu hayaoni tena." Nthenya akaendelea. Alikuwa anasema kwa sauti herufi, na kama yuko ama hayuko, na kwenye kigoda Nyakio alikuwa anaitikia, "Ee... ee..." Baadaye jibu halikuja. Nthenya akageuza tochi chini, pembeni. Nyakio alikuwa amelala, amekaa wima, mgongo kwenye ukuta, mdomo wazi, viganja viwili vimeelekea juu magotini kama bado vimebeba kitu.

Nthenya alimaliza karai peke yake, kimya. Akafunga mlango wa mashine, akaangalia mshale. Kisilu akamfunika mama yule shali vizuri.

Nje palisikika lango, na sauti za wanawake zikikaribia, wakiongea Kikuyu, mmoja akicheka. Walikuwa wamekuja kupokea zamu ya jiko, kila mmoja na chupa yake ya maji moto imefungwa kwa kitambaa. Nthenya alitoka akasimama mlangoni kabla hawajabisha. Aliwaona wakimtazama yeye, leso yake na shavu lake, kisha ndoo aliyokuwa ameishika, nyuso zikibadilika.

"Hamjambo, akina mama," alisema. Akaona wanataka kuanza kumjibu salamu, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi, naye akainua mkono kuwazuia kwa upole. "Mengine yamekufa, na yamo humu, kila mtu ataona yake. Mengi yako hai, na mashine ina joto. Mama Nyakio amelala. Msimwamshe."

Wanawake wale wakatazamana. Kisha aliyekuwa mbele akaweka chupa yake chini, akavua viatu, na wote wakavua, wakaingia mmoja mmoja kwa nyayo tupu.